BUNDUKI YA MLINZI WA PWANI: SHABAHA AU UHAKIKA?

Tarehe 1 Desemba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuiondolea Serikali ya Shirikisho ya Somalia vikwazo vya silaha vilivyowekwa Januari 1992. Vikwazo hivyo vilikuwa vimelegezwa mwaka 2013, lakini hata baada ya kulegezwa, silaha zilizoingia nchini zilihitaji kutolewa taarifa na kuhesabiwa mbele ya macho ya wageni. Sasa nchi hiyo ina haki, kama nchi nyingine huru, ya kwenda sokoni na kujichagulia silaha za kulindia mipaka yake. Watu wanapozungumza juu ya haki hiyo, fikira zao huenda upesi kwenye ndege, magari ya deraya na mizinga. Ni wachache wanaoikumbuka bunduki ya mlinzi mmoja asimamaye ufukweni usiku, na hali hiyo ndiyo silaha itakayonunuliwa kwa wingi zaidi kuliko nyingine zote, na ndiyo itakayokuwa karibu zaidi na mlango wa raia.

Yafaa jambo hili litazamwe kutoka mahali maalumu, maana bunduki haichaguliwi bila ya kujua itatumika wapi. Kisiwa cha Chula ni kimoja katika safu ya visiwa vya Wabajuni vinavyofuatana na pwani kutoka upande wa Kismayo kuelekea Raas Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya. Pamoja na Kwayama na Chovai, Chula ni miongoni mwa visiwa vichache katika safu hiyo vyenye miji ya watu. Wenyeji ni wavuvi na mabaharia. Lugha yao ni Kibajuni, yaani Kitikuu, ambayo ni lahaja ya Kiswahili, na jamaa zao wako Kiwayuu, Faza na Pate. Mpaka uliowatenga na jamaa hao haukuwekwa na wao. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na watu waliolala wakiwa chini ya bendera moja wakaamka chini ya nyingine, bila ya mtu yeyote kupanda mashua kwenda kuwauliza.

Tangu hapo bunduki za kila namna zimepita mbele ya visiwa hivyo. Februari 1941 majeshi ya Waingereza, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika, yaliingia Kismayo na kuwafukuza Waitalia. Pande zote mbili zilichukua bunduki za komeo, ambazo mpigaji huvuta komeo kwa mkono kila apigapo risasi moja. Kuanzia mwaka 1963 Urusi ya Kisovieti ikaanza kulipa silaha jeshi la Somalia, na ilipofukuzwa Novemba 1977, katikati ya vita vya Ogaden, silaha zake zilibaki. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka, na maghala ya silaha yakawa hayana mwenyewe. Wabajuni hawakuwa na jeshi wala wanamgambo. Wenye bunduki waliwajia, wakawapora mashua, injini na nyavu, na watu wengi wakakimbilia Kenya. Walioishi katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, wangali wanaikumbuka miaka hiyo. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2012 Kismayo ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab na washirika wao, mpaka majeshi ya Kenya yalipoteremka ufukweni karibu na mji huo mwishoni mwa Septemba 2012.

Kwa watu wa Chula, basi, swali la bunduki ipi apewe mlinzi wa pwani si la wataalamu peke yao. Wamekwisha kuona maana ya kutokuwa na mlinzi. Wameona pia maana ya bunduki iliyo mikononi mwa mtu asiyejali risasi yake inakwenda wapi.

Bunduki inayozungumzwa hapa ni nyepesi, ya nusu-otomatiki. Maana yake ni kwamba mpigaji akivuta kifyatulio mara moja, hutoka risasi moja tu; lakini hewa ya moto inayotokana na baruti huisukuma pistoni, pistoni hulirudisha komeo nyuma, ganda tupu hutupwa nje, na springi hulirudisha komeo mbele likiwa limechukua risasi mpya na kuitia katika chemba. Mpigaji hana kazi ya mkono ila kulenga na kuvuta tena. Katika bunduki ya otomatiki kamili, risasi huendelea kutoka muda wote kifyatulio kikiwa kimeshikwa. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini kwa mlinzi wa kijiji ni kubwa. Bunduki yenye magazini ya risasi thelathini, ikiachwa imimine, huimaliza kwa sekunde tatu hivi. Risasi ya kwanza huenda ilikolengwa, na zinazofuata hupanda juu kwa kadiri mtutu unavyoruka. Mahali ambapo nyuma ya adui pana nyumba za makuti, risasi za juu zina mwenyewe wa kuzipokea.

Wanaofanya biashara ya silaha husifu bidhaa zao kwa mambo mawili. Wa kwanza hujivunia usahihi wa shabaha, wa pili hujivunia uhakika, yaani bunduki kufanya kazi kila inapoitwa kufanya kazi. Mnunuzi angependa kupata yote mawili. Lakini fundi wa bunduki hukutana na shida ya kweli. Vipande vya ndani vikikazwa na kulingana barabara bila ya nafasi, bunduki hurudia kupiga pale pale. Ila punje chache za mchanga zikiingia, hukwama. Vikiachiwa nafasi kidogo, na komeo likifanywa zito na kusukumwa kwa nguvu kupita mahitaji, mchanga hupata mahali pa kuangukia na taka hukanyagwa. Ila kila pigo la chuma kile kizito huutikisa mtutu, na risasi hazirudii tundu lile lile. Ziko bunduki zilizopunguza ugomvi huo kwa ufundi mwema na kwa fedha nyingi. Hakuna iliyoumaliza.

Hapana budi kwanza kuuliza: usahihi wa kiasi gani unahitajika? Bunduki ya kijeshi ya aina ya Kalashnikov, ikifungwa mahali isitikisike na kupewa risasi za kawaida, kwa mita 100 hutawanya risasi zake katika duara lenye upana wa sentimita 10 hadi 15. Bunduki ya Kimarekani ya M16 hupunguza duara hilo karibu nusu. Kwa maneno ya sokoni, ya pili ni bora maradufu. Lakini yafaa hesabu iendelezwe. Kwa mita 200 duara la ile ya kwanza huwa na upana wa sentimita 20 hadi 30, nalo bado ni jembamba kuliko kifua cha mtu mzima. Katika umbali huo, mlinzi akikosa, kosa haliko katika chuma.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa. Mwaka 1952 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Norman Hitchman aliandikia jeshi la nchi yake ripoti juu ya silaha ya askari wa miguu. Ilionekana kwamba bunduki hutumika vitani zaidi katika umbali usiozidi yadi 300, na kwamba uwezo wa askari wa kawaida wa kupiga anachokilenga huanza kushuka kwa haraka akishavuka yadi 100. Sababu zake zinaeleweka na kila aliyewahi kubeba mzigo mchangani: moyo unadunda, pumzi zimekwisha, jasho liko machoni, na anayelengwa hasimami kungoja.

Na huko ni nchi kavu. Mlinzi wa visiwa vya Wabajuni mara nyingi atakuwa ndani ya mashua. Chombo kikiinama kwa digrii moja tu, mwinamo ambao baharia hata hautambui, mahali inapolekea bunduki husogea kwa mita tatu na nusu katika umbali wa mita 200. Mbele ya mita tatu na nusu, kubishana juu ya sentimita kumi ni kupoteza wakati. Katika Kusi, bahari inapochafuka, hata nahodha hodari hawezi kumtulizia mpigaji chombo chake. Mtu asemaye kwamba atamnunulia mlinzi wa bahari bunduki ya ushindani wa shabaha, ni dhahiri kwamba hajapanda mashua miezi hiyo.

Uhakika una hesabu nyingine. Bunduki inayotawanya risasi kidogo bado ni bunduki. Iliyokwama ni fimbo ya kilo tatu au nne. Na katika ulimwengu huu ni vigumu kupata mahali panapoichukia bunduki kuliko kisiwa cha bahari ya joto. Hewa imejaa chumvi mchana na usiku. Upepo wa Kaskazi huleta vumbi, na wa Kusi huleta unyevu na marasha ya maji ya bahari. Mchanga wa ufukweni, uliotokana na matumbawe na makombe, ni mkali na mwepesi kuingia popote. Kila mvuvi anajua kwamba kisu kisichopanguswa leo huwa chekundu kesho kutwa. Na kisu hakina chemba wala springi.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Ukuta wake ukiliwa na kutu hata kwa vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, ganda la shaba likitanuka kwa moto hung'ang'ania katika vitone hivyo, na komeo likirudi nyuma huliacha ganda ndani au huchana kingo zake. Askari hana la kufanya ila kutafuta kijiti cha chuma na kulisukuma ganda kutoka mdomoni mwa mtutu, huku adui akiendelea na shughuli zake.

Msiba huo uliwapata Wamarekani huko Vietnam. Kuanzia mwaka 1965 askari wao walipewa bunduki ya M16, iliyosifiwa kwa wepesi wake wa kilo tatu kasoro na kwa shabaha yake njema. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Lakini aina ya baruti ilibadilishwa kuliko ile iliyotumika katika majaribio, chemba haikupakwa kromiamu ya kuzuia kutu, na kwa kuwa ilienezwa habari kwamba bunduki hiyo haihitaji kusafishwa sana, askari wengi walipelekwa katika nchi ya mvua na matope bila ya vifaa vya kusafishia. Bunduki zikakwama, na baadhi ya askari waliokufa walikutwa vijiti vya kusukumia maganda viko karibu nao. Mwaka 1967 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, chini ya mjumbe Richard Ichord, iliwalaumu vikali wakubwa waliohusika. Baadaye chemba ikapakwa kromiamu, vifaa vya kusafishia vikagawiwa, na silaha ile ile ikawa ya kuaminika. Ni haki kusema hivyo, maana wako wanaoikataa M16 mpaka leo kwa sababu ya makosa yaliyokwisha kusahihishwa. Lakini funzo la chemba na unyevu ni la kila pwani ya joto, na lilinunuliwa kwa damu.

Waisraeli nao walipata funzo la mchanga. Bunduki yao ilikuwa FAL ya Ubelgiji, ndugu wa ile SLR ya Kiingereza iliyotumiwa na majeshi mengi ya Afrika baada ya uhuru. Ni bunduki ya heshima, ipigayo mbali na kwa shabaha njema, yenye kilo nne na zaidi. Katika vumbi la jangwani iliwasumbua, na katika miaka ya 1970 wakaingiza bunduki yao ya Galil, ambayo mashine yake imefuata ile ya Kalashnikov. Waingereza kwa upande wao walichonga vijifereji katika komeo la SLR ili mchanga upate mahali pa kukimbilia. Kwa maneno mengine, walipunguza chuma ili wapate nafasi, na ndiyo ile ile siri ya Kalashnikov.

Afrika Mashariki ina mfano wake, nao unafaa zaidi kwa habari ya Chula kuliko ya Vietnam au ya jangwani, kwa kuwa unahusu mtu ambaye si askari wa kudumu. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, Tanganyika ililivunja jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, na Septemba mwaka huo Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukataka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Guinea ilikuwa imevamiwa na Wareno Novemba 1970, na Idi Amin alikuwa ametwaa serikali ya Uganda Januari 1971. Mgambo wakafundishwa vijijini na viwandani. Bunduki iliyozoeleka mikononi mwao ni ile inayoitwa SAR, iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945 na kutengenezwa kwa wingi nchini China kuanzia mwaka 1956. Ile Kalashnikov ya otomatiki Watanzania waliipa jina la SMG, na majina hayo mawili yangali yakisikika katika taarifa za polisi mpaka leo.

SAR si bunduki ya kujivunia mbele ya wageni. Uzito wake ni kilo 3.85, urefu wake ni mita moja na zaidi kidogo, na magazini yake haitoki. Risasi kumi hushindiliwa kwa juu kwa kipande cha bati. Singe imefungwa chini ya mtutu, hukunjwa na kukunjuliwa. Hupiga risasi moja kwa kila mvuto. Lakini mtutu wake wa Kichina kwa kawaida umepakwa kromiamu ndani, na ganda la risasi yake ni jembamba zaidi kwa mbele, hivyo huteleza likitoka kama kigingi kilichochongoka. Aidha, hakuna magazini ya kupotea njiani, na mtu anaweza kuifungua na kuifunga bila ya kutumia chombo kingine ila risasi yenyewe. Mkulima aliyeachwa na jembe Jumamosi aliweza kuijua kabla ya Jumamosi ya pili. Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera Oktoba 1978, mgambo waliitwa kwa maelfu, na Aprili 1979 Kampala ilikuwa imekombolewa. Si haki kuipa bunduki sifa ya ushindi ambao ni wa watu. Yatosha kusema kwamba haikuwaangusha.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba bunduki yenye sifa ya uhakika haihitaji mtu. Risasi nyingi za zamani kutoka nchi za mashariki zina fataki ambayo, ikishawaka, huacha ndani ya mtutu chumvi ya namna yake, ndugu wa chumvi ya bahari. Mafuta hayaiondoi chumvi hiyo. Huifunika tu ikaendelea kula chuma kwa siri. Huondolewa na maji, yaliyo ya moto kama yakipatikana, kisha mtutu hukaushwa vizuri, ndipo hupakwa mafuta. Wako askari wanaoogopa kuitia bunduki maji wakidhani wanaiua, na kumbe kwa kuogopa ndiyo wanaiua. Ila maji yenyewe yawe ya kunywa, si ya bahari. Na visiwani maji ya kunywa hayachezewi, kwa hiyo mpango wa silaha usiotaja kisima au birika la mvua haujakamilika.

Mafuta nayo yana kipimo. Yakizidi, mchanga huyanata na kugeuka tope linalosaga chuma. Pwani kuna kishawishi kingine, nacho ni mafuta ya sifa, yatokanayo na papa, ambayo mabaharia hupaka vyombo vyao. Kwa ubao ni dawa iliyojaribiwa kwa karne nyingi. Katika bunduki, mafuta ya samaki huganda na kuwa kama gundi, na kwa SAR hilo ni la hatari hasa, maana sindano yake ya kugonga fataki hucheza bila ya springi. Ikinatishwa ikabaki imejitokeza mbele, komeo likirudi huigonga fataki lenyewe, na bunduki ya risasi moja moja yaweza kumimina risasi kadhaa pasipo mtu kuvuta kitu. Mlinzi huyo hatakuwa na kosa lolote ila kwamba hakuna aliyempelekea chupa ya mafuta yanayostahili.

Uzito pia ni wa kuhesabiwa pamoja na risasi. Risasi mia za SAR au Kalashnikov zina uzito wa kilo moja na nusu na kidogo. Mia za SLR au za G3, bunduki iliyozoeleka sana Kenya, zina karibu kilo mbili na nusu. Mia za M16 hazizidi kilo moja na robo. Mwenye kukanyaga mchanga laini na kushuka majini mpaka kiunoni kila mashua inapotia nanga atautambua uzito huo kabla ya jua kutua. Lakini wepesi una malipo yake. Bunduki nyepesi yenye risasi kubwa humpiga teke mpigaji wake, naye akisha kuogopa teke hufumba macho kabla ya kuvuta. Ndiyo sababu risasi ya kadiri, isiyo kubwa wala dhaifu, imeshinda katika majeshi karibu yote.

Tena risasi ni lazima ipatikane. Kenya hutengeneza za kwake katika kiwanda cha Eldoret, na Tanzania ina Shirika la Mzinga huko Morogoro. Somalia italazimika kununua nje, na bunduki ngeni yenye risasi adimu, hata iwe nzuri namna gani, itakuwa pambo la ukutani mara meli ya kwanza itakapochelewa. Risasi za Kalashnikov zimejaa katika nchi hiyo. Jambo hilo ni msiba wake, lakini katika hesabu hii ni ukweli usioweza kurukwa.

Pamoja na hayo yote, ingekuwa ni makosa kuitupa shabaha kando kwa kuwa uhakika umeshinda. Katika bahari ya Chula, mhalifu na mvuvi hupanda aina moja ya chombo, huvaa kikoi cha namna moja, na huondoka na maji yale yale. Risasi ya bunduki hizi ikikosa haianguki palepale. Huenda zaidi ya kilomita mbili, na ikiyagusa maji kwa mwinamo mdogo huruka juu na kushika njia nyingine isiyojulikana. Ukuta wa makuti hauizuii. Kwa hiyo shabaha ina kima chake cha chini: mlinzi aliyelala chini, nchi kavu, aweze kuziweka risasi zake katika upana wa kifua kwa mita 200, na ajue kwamba zaidi ya hapo, au akiwa katika chombo kinachoyumba na hapana anayempiga, hapaswi kuvuta. Bunduki isiyofikia kima hicho, kwa mtutu kuchakaa au kuliwa na kutu, irudishwe ghalani hata kama haijakwama hata siku moja. Zipo nyingi za namna hiyo nchini Somalia, zilizopita mikono kumi tangu mwaka 1991, na zinanguruma vizuri sana.

Kima hicho hakinunuliwi dukani. Kinapatikana kwa mazoezi, na mazoezi yanakula risasi. Serikali inayonunua bunduki elfu moja za bei kubwa na kumpa kila mlinzi risasi tano za kujifunzia kwa mwaka, imejipatia walinzi wabaya kwa fedha nyingi. Ingenunua za bei ya kadiri, zenye uhakika, na fedha iliyobaki ikageuzwa kuwa risasi za mazoezi, mafuta, vitambaa na mishahara inayofika kwa wakati, wavuvi wa Chula wangelala vizuri zaidi. Mshahara umetajwa kwa makusudi. Mlinzi asiyelipwa ana kitu kimoja tu cha thamani mkononi mwake, na wanunuzi wake wako tayari.

Yupo atakayeuliza kwa nini wavuvi wenyewe wasipewe bunduki hizo, maana wao ndio walioporwa. Swali hilo ni la haki, na aliyeyaona ya mwaka 1991 hawezi kulicheka. Lakini Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, imeziweka bunduki za otomatiki na za nusu-otomatiki nje ya mikono ya raia, na imetaka kila silaha ya serikali itiwe alama na kuandikwa katika daftari. Vijana wa visiwani wanaweza kuandikwa katika kikosi cha ulinzi wa pwani, wakalipwa, wakala kiapo, na wakazijua njia za maji katikati ya miamba kuliko askari yeyote atakayeletwa kutoka bara. Bunduki watakayoichukua, hata hivyo, iwe na namba, na namba hiyo iwe na mwenye kuiulizia.

Linabaki suala la mahali itakapolala bunduki hiyo. Ghala la silaha kisiwani lijengwe mbali na marasha ya mawimbi, mlango wake usielekee Kusi, na bunduki zisimamishwe katika vishubaka vya mbao, kwa kuwa zikilazwa sakafuni hunyonya unyevu, na zikivikwa vitambaa vya turubai kwa muda mrefu hushika kutu chini ya turubai bila ya mtu kuona. Kila jioni namba zihesabiwe, na kila Ijumaa mitutu ichunguliwe mwangani. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wasiolala nyumba moja. Mwaka 1991 si kila ghala lililovunjwa. Mengine yalifunguliwa kwa ufunguo.